Maisha ya Edith Cavell, muuguzi na mwalimu wa wauguzi



Tangu mwaka huu wa masomo uanze, sisi wa darasa la mwisho tunapewa ulizo moja tu: baada ya Exetat utafanya nini? Baba anauliza, mama anauliza, mjomba anauliza, hata mchungaji kwenye mlango wa kanisa anauliza. Wengine wanajibu mbio: mimi munganga, mimi avoka, mimi enjenyere. Lakini mwenzetu mmoja akisema anataka kuwa muuguzi, kunakuwa kimya kidogo, sawa vile amekiri kwamba pointi zake hazitatosha kwa udaktari. Wavulana wanacheka kwamba ni kazi ya wanawake. Wazazi wanasema atakesha usiku kwa mshahara mdogo. Njo maana tumeona vema kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyeichagua kazi hiyo akiwa mtu mzima, mwenye macho wazi, wakati alikuwa tayari na kazi nyingine ya heshima.

Florence Nightingale mnamjua wote, na shule yake ya wauguzi, iliyofunguliwa London mwaka 1860, imesifiwa mara nyingi. Sisi tumemchukua Edith Cavell. Huyu alichelewa kuingia shule ya uuguzi, na ripoti aliyoandikiwa huko haikuwa nzuri. Lakini baadaye yeye mwenyewe alipewa shule aiongoze katika Ubelgiji, mwaka 1907, yaani mwaka mmoja kabla nchi yetu haijatoka mikononi mwa mfalme Leopold II na kuwa koloni ya Wabelgiji.

Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, na alilichunga kanisa lile la kijiji miaka karibu 45. Watoto walikuwa wanne, Edith ndiye wa kwanza. Mchungaji yule hakuwa tajiri, maana nyumba ya kanisa aliijenga kwa mali yake mwenyewe na ikamwacha na mfuko mwepesi. Hata hivyo siku ya Mungu, kabla familia haijakaa mezani, sehemu ya chakula ilipelekwa kwanza kwa maskini wa kijiji. Watoto ndio walioibeba. Kwa hiyo binti huyu alizoea tangu utoto kuingia katika nyumba ya mgonjwa na ya mzee bila kuona haya.

Kuko jambo lingine la ujana wake ambalo linatupendeza sana. Kanisa la Swardeston lilikosa chumba cha kufundishia watoto wa shule ya Jumapili. Edith akamwandikia askofu barua ya kuomba msaada. Askofu akakubali, kwa sharti kwamba kijiji nacho kitoe sehemu yake. Basi Edith, ambaye alijua kuchora, akachora kadi pamoja na mdogo wake, wakaziuza, na chumba kikajengwa. Ninyi ambao mnangoja misioni ilete kila kitu, someni tena mistari hii.

Alisoma kwanza nyumbani, kisha katika shule za bweni. Katika shule ya mwisho, mjini Peterborough, alijua vizuri Kifaransa. Mkumbuke Kifaransa hicho, kitarudi mbele. Akaanza kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu wenye mali, na mwaka 1890 akaenda Brussels kwa familia moja ya Kibelgiji, akakaa nao miaka mitano. Ilikuwa kazi safi. Alikula mezani pamoja nao, alivaa vizuri, watoto walimpenda. Kama angeulizwa wakati huo atafanya nini maishani, pengine angejibu kama wengi wetu: nitaendelea tu.

Mwaka 1895 baba yake akapatwa na ugonjwa mkali. Edith akaacha Brussels, akarudi nyumbani kumuuguza. Baba akapona, naye Edith akaona kwamba kazi ile ya kukaa karibu na kitanda ndiyo aliyoitaka. Alikuwa anafikia miaka thelathini. Wakati huo msichana wa miaka thelathini asiyeolewa alihesabiwa kama mtu aliyekwisha kupanga maisha yake, si mtu wa kwenda kukaa kwenye benchi la shule na wadogo.

Sasa hapa tunaomba wafinalisti wasome polepole. Edith hakukimbilia shule kubwa moja kwa moja. Mwisho wa mwaka 1895 aliomba kwanza kazi ndogo kabisa, ya msaidizi wa daraja la chini, katika hospitali moja ya magonjwa ya homa huko Tooting, kusini ya London. Alikaa pale miezi kadhaa. Kazi ya msaidizi hapana mchezo: kuosha, kutandika, kubeba vyombo vya wagonjwa, kusikia harufu, kukesha. Mtu ambaye anapenda tu ile blauzi nyeupe anatambulika pale katika wiki ya kwanza. Yeye alijipima, akaona anaweza, ndipo akaandika barua kwenye London Hospital. Sisi kwetu watu wanafanya kinyume: wanalipa minerval, wananunua blauzi, na siku ya kwanza ya staji, mbele ya kidonda kilichooza, wanaanza kuuliza kama option inaweza kubadilishwa.

London Hospital ilikuwa Whitechapel, upande wa mashariki wa mji, mahali pa maskini, wafanyakazi wa bandari na wageni. Hakuichagua kwa uzuri wa mahali. Ilikuwa hospitali kubwa, na mkubwa wa wauguzi wake, Eva Lückes, alikuwa rafiki wa Florence Nightingale na alijulikana kwa kufundisha kwa utaratibu. Tangu mwaka 1895 ilikuwa na nyumba ya maandalizi ambamo wapya walifundishwa wiki chache kabla ya kuguswa na mgonjwa yeyote. Edith aliingia Septemba 1896. (Ni mwaka uleule ambao Apolo Kivebulaya alifika Mboga kuleta Injili, hivi sisi huwa tunapenda kupanga miaka pamoja.) Masomo yalichukua miaka miwili. Walifanya kazi tangu asubuhi mapema mpaka usiku, na masomo ya daktari na ya mkubwa wa wauguzi yaliingizwa katikati ya kazi. Kwa hiyo wanaosema eti uuguzi ni mikono tu bila kichwa, hawakuuliza vizuri.

Mwaka 1897, akiwa bado mwanafunzi, alitumwa pamoja na wenzake katika mji wa Maidstone, ambako tifoide, ile homa ya matumbo, ilikuwa imelipuka kwa sababu ya maji machafu yaliyoingia katika mabomba ya mji. Watu zaidi ya 1,700 waliugua, na 132 wakafa. Wakati ule hakuna hata moja ya dawa tunazopewa leo kwa tifoide. Dawa ilikuwa paka uuguzi wenyewe: kumpa mgonjwa maji kidogo kidogo, kushusha moto wa mwili, kumgeuza kitandani, kubadilisha mashuka, kuchoma uchafu, kunawa. Pale ndipo inaonekana wazi kwamba muuguzi si mtu wa kushika tu sahani ya daktari. Wauguzi waliofanya kazi ile walipewa medali na mji wa Maidstone, na Edith alikuwa mmoja wao.

Lakini sasa tufungue buletini yake. Eva Lückes aliandika kwa kila mwanafunzi maneno ya mwisho katika daftari kubwa. Kwa Edith Cavell aliandika kwamba uwezo anao, lakini anautumia akipenda mwenyewe, tena hafiki kwa saa, na si mtu wa kumtegemea kabisa. Fikirini! Mwalimu aliyejua watu, katika hospitali yenye sifa, anaandika hivyo juu ya mtu ambaye leo ana sanamu London karibu na Trafalgar Square. Tunaliandika jambo hili kwa sababu kuko wenzetu walioangalia pointi zao za mwezi wa pili na wakazima taa. Tunaliandika pia bila kumcheka mama Lückes, maana inawezekana aliona kitu cha kweli, na huyo mwanafunzi alikisikia, kama mtakavyoona.

Baada ya shule hakupata kiti cha juu. Alianza kuuguza watu manyumbani mwao. Mwaka 1899 akawa msimamizi wa zamu ya usiku katika hospitali ya St Pancras, ambayo ilikuwa ya watu wasio na kitu kabisa, waliookotwa barabarani. Mwaka 1903 akawa msaidizi wa mkubwa wa wauguzi huko Shoreditch, na pale akaanza desturi ya kuwafuata wagonjwa nyumbani baada ya kutoka hospitali, aone wanakula nini na wanalala wapi. Kisha akakaa kidogo Manchester kwa kazi ya wagonjwa maskini. Hiyo ni karibu miaka kumi katika kazi zisizo na jina. Tunapita haraka, lakini yeye hakupita haraka.

Katika Ubelgiji wakati huo wagonjwa walitunzwa hasa na masista wa Katoliki, masere kama tunavyowaita huku. Hatusemi vibaya juu yao. Walijitoa sana, na huku kwetu wengi wamezaliwa mikononi mwao. Lakini wengi wao hawakuwa wamesomea, na Antoine Depage, munganga mpasuaji wa Brussels, alichoka kuona mgonjwa aliyepasuliwa vizuri akiharibika kitandani kwa sababu hakuna anayejua habari za vijidudu. Aliamua kufungua shule ya wauguzi wenye diploma, isiyo chini ya kanisa lolote. Alimtafuta mwanamke aliyefundishwa kwa njia ya London na anayesema Kifaransa. Ndiyo ile lugha ya Peterborough na ya miaka mitano katika nyumba ya wenye mali! Wanaolalamika kwamba kuandika risala na kusahihisha verbe hakuna faida kwa mtu wa sayansi, watuambie Depage angemchukua nani.

Shule ilifunguliwa Oktoba 1907 katika nyumba nne zilizounganishwa, barabara ya rue de la Culture. Wanafunzi walikuwa wachache sana, na si kwa sababu ya minerval. Sababu ilikuwa haya. Familia za Brussels zilizosomesha binti zao ziliona ni aibu binti afanye kazi ya mshahara, tena kazi ya kuosha miili ya watu. Binti mwenyewe alitaka, baba akakataa. Si tunaisikia habari hiyo hata leo, ila tu sababu zimebadilika? Edith hakugombana nao. Aliwavalisha wanafunzi gauni la buluu na eprone nyeupe, safi na jepesi, tofauti na yale mavazi mazito meusi. Akawafundisha kwa bidii, akangoja. Siku moja malkia Elisabeth wa Wabelgiji alivunjika mkono, akaomba aletewe muuguzi kutoka shule ile. Basi, kesho yake aibu ikaanza kuisha. Kwa maoni yetu ni ajabu kidogo kwamba mkono mmoja wa malkia ulifanya kazi ambayo mikono ya maskini wengi haikuweza, lakini ndivyo dunia ilivyo. Mwaka 1910 Edith alianza gazeti la wauguzi, jina lake L'Infirmière, na baada ya miaka michache shule yake ilikuwa inatoa wauguzi kwa hospitali tatu, shule 24 na shule 13 za watoto wadogo.

Na ile habari ya saa? Wanafunzi wake walisimulia kwamba asubuhi, wakati wa chai, direktrisi alikuwa akiweka saa yake mezani mbele yake. Aliyechelewa kupita dakika mbili alipoteza saa mbili za mapumziko yake. Yule aliyeandikiwa na mama Lückes kwamba hafiki kwa saa! Bwana Prefe wetu akisoma hapa atafurahi, na sisi tunaosimamia kengele tutapumzika kidogo kueleza.

Hapa tusimame tuangalie kwetu. Wakati wa ukoloni, katika Kongo, kazi ya infirmier ilikuwa hasa ya wanaume. Wavulana wanaocheka waulize wazee wao ni nani aliyekuwa akiwapiga sindano. Leo njia ziko wazi kwa wote. Kuko wadogo wetu wanaoingia ITM baada ya miaka miwili ya kwanza ya sekondari, wanatoka na diploma ya A2. Na kuko wanaomaliza humanite, wanapata Exetat, ndipo wanaenda ISTM kutafuta A1 na kuendelea mbele. Hatuwezi kumchagulia mtu. Lakini kabla ya kuuliza minerval ni ngapi, tunaona heri kuuliza maulizo ambayo Edith angeuliza. Je, shule hiyo ina hospitali yenye wagonjwa wa kweli, au wanafunzi wanajifunza sindano ubaoni? Ni nani anayewasimamia katika staji, na anakuwepo usiku? Serikali inaitambua diploma yake? Waliomaliza pale wako wapi leo? Siku hizi shule zenye jina la kiganga zinaota kama uyoga, na mzazi anauza ng'ombe kwa ajili ya karatasi ambayo haifungui mlango. Na mwenye nafasi aende kwanza kwenye kituo cha afya cha karibu, aombe kusaidia hata mwezi mmoja wa likizo. Ile ndiyo Tooting yake.

Turudi kwa Edith. Agosti 1914 vita vilipoanza, alikuwa likizoni kwa mama yake huko Norwich, kwa maana baba alikuwa amekwisha kufa. Alipanda meli, akarudi Brussels. Shule ikawa hospitali ya Msalaba Mwekundu, na tarehe 20 Agosti Wajerumani wakaingia mjini. Aliwaambia wanafunzi kwamba kila mwenye kidonda atatunzwa, awe Mbelgiji, Mwingereza au Mjerumani. Sisi wa upande huu wa mashariki tunajua neno hilo lina uzito gani. Ni rahisi kulisema darasani. Mbele ya mtu ambaye wenzake wamechoma kijiji chako si rahisi hata kidogo, na infirmier anayefanya hivyo huwa hasifiwi na upande wowote.

Mwezi wa Novemba 1914 askari wawili Waingereza, waliobaki nyuma ya jeshi lao, waliletwa usiku kwenye shule. Akawaficha. Wakaja wengine, na wengine. Pamoja na watu wengine, kama yule mwenye kupanga majengo Philippe Baucq, walifanya njia ya siri ya kuwavusha mpaka Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani. Wanaume karibu 200 walipita mikononi mwake. Jambo hili tulilijadili sana kati yetu. Wengine walisema muuguzi chini ya alama ya msalaba hana ruhusa ya kuwasaidia askari kurudi vitani, kwa maana analeta hatari kwa wagonjwa wote na kwa wanafunzi wake. Wengine walijibu kwamba kuwatoa nje kulikuwa kuwatuma kwenye kifo. Sisi tunaona wote wawili wana neno, na kwamba yeye mwenyewe alijua bei yake.

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915, akafungwa katika gereza la Saint-Gilles wiki kumi. Alipoulizwa hakukana. Watu 35 walihukumiwa pamoja mwezi wa Oktoba mbele ya baraza la kijeshi. Watano wakapewa hukumu ya kifo. Wajumbe wa Marekani na Hispania waliomba usiku kucha asamehewe, bila kusikilizwa. Mchungaji Stirling Gahan, Mwanglikana, aliingia gerezani jioni, wakashiriki Meza ya Bwana, na akamkuta hana chuki kwa mtu. Tarehe 12 Oktoba 1915, kulipopambazuka, alipigwa risasi pamoja na Philippe Baucq. Alikuwa na miaka 49. Mwaka 1919 mwili wake ulirudishwa Uingereza, ukazikwa kando ya kanisa kuu la Norwich. Jina lake lilienea sana. Mtoto mmoja aliyezaliwa Paris Desemba 1915 aliitwa Edith kwa ajili yake, naye ndiye mwimbaji Edith Piaf.

Siku mbili kabla ya kufa aliwaandikia wanafunzi wake barua. Hakueleza mengi juu yake mwenyewe. Aliwakumbusha masomo yao ya jioni na kazi ya wagonjwa, na akawaomba msamaha kama mara nyingine alikuwa mkali mno kwao. Wakati huo jengo jipya la shule, ambalo alilisimamia tangu mawe ya kwanza, lilikuwa limesimama huko Uccle, upande wa kusini wa Brussels, na hakuliongoza hata siku moja. Marie Depage, mke wa munganga, naye hakulifikia: alikuwa ameenda Marekani kutafuta fedha za hospitali, akafa maji katika meli Lusitania tarehe 7 Mei 1915. Leo huko Uccle kuko njia mbili zinazopita karibu: moja inaitwa rue Edith Cavell, nyingine rue Marie Depage.